Mshipa wa Fahamu

Kijiwe cha pale Mwembesongo, mbele ya bucha la Kondo, watu wanakiita Wodini, maana hakuna maradhi yaliyowahi kufika pale yakakosa tiba. Kuna benchi moja refu la mbao, kiti kimoja cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na birika la Mosi muuza kahawa juu ya makaa. Ukikaa hapo saa kumi za alasiri, Uluguru wote umejifunika mawingu, utatibiwa figo, utatibiwa jini, utatibiwa hadi mkwe mkorofi, na hakuna atakayekuuliza cheti. Sufiani, fundi cherehani ambaye kijiwe kizima kinamwita Pindo, alikuwa amekalia benchi hilo miaka ishirini na mbili bila kuwa mgonjwa wa mtu. Alikuwa msikilizaji. Tangu mkewe Mwanahawa alipofariki alizidi kusikiliza. Alikuja mapema akaondoka wa mwisho, kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kumngoja, na mtoto Mungu hakuwajalia. Siku hiyo alifanya kosa moja tu. Alipokea kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto.

— Astaghfirullah! Mosi akakirudisha kikombe kabla hakijashikwa. Mtu mzima, kwa kushoto?

— Nipe tu, Mosi.

— Sikupi. Kushoto ni kwa chooni. Lete wa kulia.

Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa kanzu, na ulikuwa humo siku ya kumi na moja. Kila akitoka nyumbani aliuingiza humo kwa msaada wa mkono wa kushoto, akifika kijiweni anasema leo tumbo limejaa gesi, kahawa sinywi. Siku kumi na moja mtu ananusa kahawa ya wenzake! Hata ungekuwa wewe ungeshindwa.

— Kuna nini humo mfukoni? akauliza Maneno, ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Umetuficha mishikaki, mzee wangu?

— Sina kitu.

— Basi toa mkono tuuone.

Sufiani akautoa. Akauinua mpaka usawa wa kifua. Mkono ukaja, kiganja hakikuja. Kilining'inia kutoka kwenye kifundo, vidole vinatazama chini. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Mkono uliokuwa ukipinda suruali za nusu ya Mwembesongo, leo haukuweza hata kumpungia mtu.

Redio akameza mate.

— Pole sana, Mzee Pindo, akasema Redio. Umeenda hospitali?

— Nimeenda. Daktari kijana kijana hivi. Akanigongagonga kwa kinyundo cha mpira, akaniambia ni mshipa wa fahamu, umepata hitilafu. Akaandika, akasema nirudi baada ya wiki mbili.

— Ukamuuliza nini?

— Foleni ilikuwa ndefu. Sikuuliza.

Hapo alidanganya. Foleni haikuwa ndefu. Aliogopa. Neno mshipa angelivumilia, kila mzee ana mshipa wake unaomsumbua, lakini fahamu ndiyo iliyomtia baridi. Mtu akizimia si tunasema amepoteza fahamu? Basi kama mshipa wa fahamu umeharibika, akili inaondoka. Na ikiondoka, nani atabaki na Mwanahawa? Ndugu zake wote walishatangulia. Picha yake ilikuwa moja, ile ya kitambulisho, nayo hakupenda alivyotoka. Duniani kote Mwanahawa alikuwa amebaki ndani ya kichwa kimoja, na kichwa chenyewe ndicho hiki kilichoambiwa kina hitilafu.

— Mshipa! Redio akajishika kiuno. Kumbe ndiyo maana siku hizi unatembea taratibu.

— Unasema mshipa gani wewe?

— Si ule wa... Redio akaelekeza kidevu chini. Baba yangu mdogo alikuwa nao. Walipompasua, mwezi haukuisha, akarudi uwanjani.

— Hiyo ni ngiri, mjinga wewe! Kondo akafoka kutoka dirishani mwa bucha.

— Ngiri, mshipa, si yaleyale? Ulikuwa chini, sasa umepanda mkononi.

Usimcheke sana Redio. Kiswahili chetu ni kitajiri, lakini kwenye mshipa kilifanya ubahili. Damu inapita kwenye mshipa, maumivu yanapita kwenye mshipa, mtu akikasirika shingo inamtoka mishipa, na kule chini nako ni mshipa. Ukimwambia Mswahili ana tatizo la mshipa, umemwachia achague mwenyewe.

Kondo akatoka nje anafuta mikono kwenye aproni. Huyu wanamwita Steki, na kwa mambo ya ndani ya mwili hakubali kushindwa na mtu ambaye hajawahi kupasua ng'ombe.

— Sikilizeni. Mishipa ipo ya aina tatu. Kuna wa damu, huo ukiukata unajua. Kuna kano, nyeupe ngumu, inaunga nyama na mfupa. Mteja akiikuta kwenye kilo yake anakurudishia. Halafu kuna wa tatu, mweupe, laini, unatoka kwenye uti wa mgongo unajichimbia ndani ya nyama za mguu. Huo kazi yake sijui. Mimi naukata tu.

— Huo ndio wenyewe! akadakia Frank. Huyu ni fundi umeme, jina lake la kijiweni ni Fezi. Huo ni waya.

— Waya?

— Waya. Ubongo ndio swichi kubwa. Uti wa mgongo ni kebo nene inayotoka kwenye swichi. Kutoka hapo zinagawanyika nyaya, huu wa mkono, huu wa mguu, huu wa tumbo. Msuli hauna akili, unangoja umeme tu. Umeme ukifika, unafanya kazi. Ukikatika, unalegea, kama hivi kwa Mzee Pindo.

— Unafanya kazi gani? akauliza Kondo.

— Unavuta, unasukuma.

— Uongo! Kondo akarudi ndani mbio, akatoka na mguu wa kuku. Nyama haisukumi, Fezi. Haijawahi. Nyama kazi yake ni kuvuta tu.

Akaishika kano iliyochomoza pale mguu ulipokatwa, akaivuta. Kucha za kuku zikafumba. Mosi, mtu wa miaka hamsini na nne, akasogeza kichwa karibu, macho yamemtoka. Kondo akavuta kano ya upande wa pili. Kucha zikafumbuka.

— Mmeona? Huyu anavuta kufumba, yule anavuta kufumbua. Kila kiungo kina nyama mbili zinazovutana. Mmoja akivuta, mwenzake analegeza.

— Hiyo ndoa, akasema Mosi.

— Mzee Pindo, fumba ngumi, akasema Kondo.

Sufiani akafumba. Ilikuwa ngumi dhaifu, lakini ilifumba.

— Sasa nyanyua kiganja.

Akajaribu. Alijaribu mpaka jasho likamtoka puani, na kiganja hakikuinuka hata unene wa sindano.

— Basi, wa kufumba mzima, wa kuinua ndiye amegoma. Na hapa? Kondo akamfinya nyuma ya kiganja, karibu na dole gumba. Unasikia?

— Kwa mbali. Kama unanigusa juu ya koti lenye bitana.

— Si nimesema! Fezi akapiga paja. Waya mmoja. Huohuo unapeleka amri, huohuo unarudisha habari. Amri haifiki, habari hairudi. Mkono hauendi popote bila kutumwa na kichwa, mzee wangu, hilo mimi nakuandikia.

Sufiani akapumua kidogo. Waya mmoja si nyumba nzima. Angeondoka saa ile na faraja yake angelala vizuri, lakini Redio alikuwa bado hajafunga matangazo.

— Sawa, waya. Ila mbona daktari hakusema mshipa wa umeme? Kasema wa fahamu. Maana yake kinachopita humo ni fahamu. Sasa mshipa umetoboka. Fahamu inashuka kutoka kichwani, ikifika kwenye tundu, chwaa, inamwagika. Kuna mzee mmoja kule Kisaki alianza hivihivi, mkono. Wiki ya tatu akapanda treni kwenda kituo cha jirani. Akasahau kushuka. Mpaka Mlimba! Walivyomrudisha, hajui hata jina la mama yake.

— Ulimwona wewe?

— Nimeambiwa na mtu aliyemwona.

Ungetegemea Fezi amkatalie. Wapi! Akakuna kidevu, akasema umeme nao huvuja, tena huvuja sana kwenye nyumba za zamani. Kondo akasema dawa ni kufunga kamba juu ya kiwiko, fahamu isishuke. Mosi akasema kamba itazuia damu, bora mzee anyanyue mkono juu, iliyokwisha kushuka irudi kichwani kwa mteremko. Wakapiga kura. Mosi akashinda.

Kwa hiyo Sufiani akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, mkono juu, kiganja kimelala. Alijua ni upuuzi. Akautii hivyohivyo, kwa sababu ya yule mzee wa Kisaki asiyejua jina la mama yake, na kwa sababu ilikuwa muda mrefu watu hawajamshughulikia kiasi hicho.

— Tumpime, akasema Redio. Mzee Pindo, leo siku gani?

— Alhamisi.

— Nchi yetu ina mikoa mingapi?

— Wewe unayeuliza unaijua?

Wakacheka. Redio naye akacheka, halafu, bila kufikiri, maana kufikiri kunamchelewesha, akauliza:

— Bi Mwanahawa alifariki lini?

Kondo akamkata jicho. Kicheko kikaisha palepale.

— Jumanne, akasema Sufiani, mkono wake uko juu. Tarehe kumi na moja, mwezi wa sita, mwaka juzi. Ilikuwa bado kuadhiniwa alasiri. Aliniomba uji wa mchele usio na sukari, nikaenda kuupika. Nilivyorudi nao ulikuwa wa moto bado.

Mosi akapuliza makaa.

— Fahamu ipo, mzee, Redio akasema kwa sauti ndogo.

— Kwa leo ipo.

Ndipo akatokea mama mmoja ametoka Kinole milimani na kikapu cha mdalasini, iliki na pilipili manga, anauza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa akimjua. Alisimama akawatazama wanaume wanne waliomzunguka mzee aliyenyoosha mkono hewani.

— Hodi jamani. Huyu baba anaapishwa?

Fezi, ambaye kwao ni hukohuko milimani, akamsalimia kwa Kiluguru, wakaulizana za nyumbani mpaka zikaisha. Jina lake Bernadeta. Akamweleza kuwa mzee mkono umegoma. Mama akatua kikapu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akaushika mkono wa Sufiani kwa mikono yake miwili, akaushusha, akakigeuza kiganja huku na huku. Mkono ule, ukiacha kinyundo cha daktari na mfinyo wa Kondo, ulikuwa haujashikwa na mtu tangu siku za msiba watu walipokuja kumpa pole. Sufiani alitaka auache na alitaka asiuache.

— Ulilewa lini, kaka yangu?

— Mama wee! Mosi nusura amwage birika. Huyu ni mtu wa safu ya mbele msikitini!

— Sijamtukana, nimeuliza. Mume wangu Petro aliupata huuhuu. Alikunywa harusini kwa watu, akalala kwenye benchi la kanisani, mkono kautupa nyuma ya egemeo. Kulivyokucha kiganja kinaning'inia. Nikampeleka zahanati ya misheni. Sista akacheka, akasema huu ni mkono wa mlevi.

— Mkono wa mlevi! Redio akashika kichwa kwa furaha.

— Tulia wewe. Sista alinionyesha. Mshipa unatokea shingoni, unashuka, ukifika hapa — Bernadeta akapitisha kidole nyuma ya mkono wa Sufiani, juu ya kiwiko — unauzunguka mfupa. Umelala juu ya mfupa wenyewe. Ukiukandamiza kwenye ubao muda mrefu, unakufa ganzi. Haujakatika. Haujatoboka. Umelala tu.

— Na fahamu? Sufiani akauliza. Daktari alisema ni wa fahamu.

— Hata Sista alisema hivyohivyo! Nililia, kaka yangu, nililia kutoka zahanati mpaka nyumbani, najua mume wangu ndiyo ameshakuwa chizi. Kumbe fahamu yenyewe ni ya mkono. Mkono kufahamu kwamba umeguswa, umeungua, umeambiwa inuka. Kichwani hawajagusa kitu. Petro mpaka leo anawakumbuka mbuzi wa mahari mmoja mmoja, na rangi zao.

Kitu kizito kikamtoka Sufiani kifuani. Macho yakamjaa machozi mbele za watu na hakujali. Mwanahawa alikuwa salama. Uji wake, sauti yake, ugomvi wake wa kila mwaka na panya wa stoo, vyote vilikuwa mahali pake na hakuna kilichokuwa kinavuja.

— Wa Petro ulichukua muda gani kupona? akauliza Kondo. Alionekana ameudhika kidogo kwamba kesi imemponyoka.

— Miezi miwili. Kila siku tunakinyanyua kiganja kwa mkono wa pili, kisikakamae. Ila hospitali urudi, kaka, siku waliyokwambia. Mimi sio Sista.

— Nitarudi.

— Sasa, kama pombe hunywi, unalala wapi?

Swali jepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Redio akamjibia:

— Kitandani kwake! Ana kitanda cha mninga, tano kwa sita, mimi mwenyewe nilisaidia kukiingiza mlangoni.

— Sikukuuliza wewe. Kitandani mtu anajigeuza. Huu umebanwa kwenye kitu kigumu.

Sufiani akatazama makaa ya Mosi.

— Kwenye kiti, akasema. Kiti cha mbao, cha sebuleni. Siku ile nilikuwa na mafua, nikameza dawa, nikalala fofofo.

— Na mkono?

— Nyuma ya egemeo. Huwa nauweka huko.

— Kila siku?

— Kila siku. Mwaka na zaidi sasa.

— Kwa nini, na kitanda unacho?

Fezi alikuwa na nadharia ya umeme, Kondo ya nyama, Mosi ya mteremko, na Redio alikuwa nazo zote. Wanaume waliokaa naye miaka ishirini na mbili walimtazama mwenzao, na ilikuwa dhahiri hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza analala wapi.

— Unamtafuta, akasema Sufiani.

— Nani anamtafuta nani?

— Huu mkono. Unamtafuta Mwanahawa. Mimi nimelala, sina habari, wenyewe unakwenda upande wa ukutani, upande wake. Unapapasa. Ukikuta shuka tupu ndipo naamka, na nikiamka ndiyo amekufa tena. Kila siku naambiwa upya. Nilivumilia miezi mitatu. Nikahamia kwenye kiti, mkono nikautupa kule nyuma, usifike popote.

Fezi akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

— Pole, kaka yangu, akasema Bernadeta. Mkono bado alikuwa ameushika. Pole sana. Lakini utapona, nakwambia kweli. Miezi miwili tu utainuka wenyewe, uende unakotaka.

— Ndiyo, akasema Sufiani. Halafu utaanza tena kumtafuta.

Bernadeta akakinyanyua kiganja, akakishusha, akakinyanyua tena, kisikakamae.